Kabla ya Kuandika x, Sema x ni Nini

Na Katibu Msaidizi wa Chama, Kidato cha 3

Najua jarida hili ni la Chama cha Kiswahili, na huenda umelifungua ukitarajia ngonjera na mashairi ya wenzangu, kisha ghafla bin vuu ukakutana na x. Tafadhali usifunge ukurasa. Sijapotea njia nikitoka darasa la hesabu. Nina neno moja tu na walimu wetu wa hesabu, walimu wetu wa Kiswahili, na nyinyi wanachama wenzangu. Ile njia ya kutatua milinganyo miwili kwa kubadilisha, ambayo wengi wetu tuliikimbia tangu Kidato cha Kwanza tukisema ni ndefu, ndiyo njia iliyo karibu zaidi na maneno ya kawaida ya mtu. Lau tungefunzwa kuisema kwa mdomo kabla ya kuiandika, mwezi wa Machi mwaka huu tusingemwonea mwenzetu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Na ninaposema "tusingemwonea", wa kwanza ni mimi.

Mtaikumbuka Siku yetu ya Kiswahili. Tiketi zote zilikuwa za rangi moja, kijani, kwa sababu mchapishaji alitaka pesa zaidi kwa rangi ya pili na mfuko wa chama ulikuwa umetoboka. Mwanafunzi alilipa shilingi 20, mgeni shilingi 50. Mweka hazina wetu, msichana wa darasa letu ambaye jina lake sitalitaja, aliketi mlangoni akiandika katika daftari nani ameingia na amelipa ngapi. Jioni hiyo mvua ikanyesha, ile mvua ya Machi isiyobisha hodi. Sisi wa shule ya kutwa tunaijua. Yeye hutembea zaidi ya saa nzima kufika kwao. Alifika akiwa amelowa chepechepe. Pesa alizitia ndani ya mkebe wa vifaa vya jiometri zikawa salama, lakini daftari lilikuwa limegeuka uji na wino umetiririka hata usingeweza kutofautisha moja na saba.

Jumatatu akaleta alichokuwa nacho: shilingi 3,600 na kijitabu cha vishina vya tiketi. Tukavihesabu vishina mara mbili. Vilikuwa 120.

Hapo ndipo mimi nikaonyesha ujuaji wangu. Nikasema ukumbi ulikuwa nusu kwa nusu, wageni sitini na wanafunzi sitini, hata mtu angeona kwa macho. Sitini mara 50 ni 3,000. Sitini mara 20 ni 1,200. Jumla 4,200. "Sasa mbona tumeletewa 3,600? Mia sita zimeenda wapi?"

Sikusema ameiba. La hasha. Niliuliza tu. Lakini swali la namna hiyo likishatoka kinywani halirudi. Kufikia mapumziko ya saa nne, ati amekula pesa za chama. Kufikia chakula cha mchana, ati hata vile viatu vyake vipya ni vya pesa zetu, ilhali kila mtu wa darasa letu alijua alinunuliwa na shangazi yake Desemba. Mlezi wa chama akasema jambo hilo litaangaliwa baada ya mitihani. Mwenzetu akaacha kuja chamani. Darasani akahamia dawati la nyuma, karibu na dirisha lililovunjika, mahali ambapo hakuna anayependa kukaa msimu wa mvua.

Wiki tatu zikapita. Jioni moja nilikuwa nyumbani nikimsaidia nyanya yangu kuchambua mboga za kupeleka sokoni asubuhi. Nyanya aliacha shule kabla ya kumaliza darasa la tatu. Nikamsimulia kisa hiki kama ninavyokusimulia, ila wakati huo mimi ndiye niliyekuwa shujaa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Hebu niambie, mjukuu wangu. Kama wote wangalikuwa watoto wa shule, mngepata pesa ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne, Nyanya."

"Na mlipata?"

"Elfu tatu na mia sita."

"Hiyo elfu moja na mia mbili ya juu ililetwa na nani?"

"Na wageni."

"Mgeni anamzidi mtoto kwa ngapi?"

"Thelathini."

"Haya. Hesabu thelathini ziko ngapi ndani ya hiyo elfu moja na mia mbili."

Zilikuwa arobaini. Nyanya akaendelea kuchambua mboga kana kwamba ameniambia saa. Halafu, bila kuniangalia: "Hao sitini uliwahesabu wewe mwenyewe ama uliota?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule, stima ilipopotea kama kawaida yake, nilifungua daftari la hesabu mbele ya taa nikaandika kile ambacho nilipaswa kukiandika wiki tatu nyuma. Nilitumia w kwa idadi ya wanafunzi na g kwa idadi ya wageni. Angalia vizuri: g si mgeni, g ni idadi. Mwalimu wetu wa Kidato cha Kwanza alikuwa akilipigia kelele jambo hili nasi tukidhani anapoteza wakati.

w + g = 120
20w + 50g = 3,600

Sentensi ya kwanza inasema wanafunzi na wageni jumla walikuwa 120. Ya pili inasema pesa zao zote zilikuwa 3,600. Kutoka kwenye ya kwanza napata

w = 120 − g

yaani, wanafunzi ni watu wote 120 ukiondoa wageni. Sasa popote nitakapoiona w katika sentensi ya pili, naitoa na mahali pake naweka hiyo 120 − g:

20(120 − g) + 50g = 3,600
2,400 − 20g + 50g = 3,600
2,400 + 30g = 3,600
30g = 1,200
g = 40

Wageni 40. Wanafunzi 80. Nikaitazama ile 2,400 na nywele zikanisimama. Ni lile swali la kwanza la Nyanya, kama wote wangalikuwa watoto wa shule. Ile 30 ni swali lake la nne. Kila mwanafunzi unayemwinua kitini na kumketisha mgeni badala yake, mfuko wa chama unaongezeka shilingi 30. Huko ndiko kubadilisha kwenyewe! Miaka miwili nzima nilikuwa nikiandika mistari hii kama mtu anayekariri wimbo wa lugha asiyoijua.

Sasa nawageukia wanachama. Sisi katika somo la Kiswahili tunafunzwa visawe. Mtu akikuambia andika sentensi hii upya ukitumia neno lenye maana sawa, unatoa "mwalimu" unaweka "mkufunzi" na sentensi inabaki kusimama. Basi 120 − g ni kisawe cha w. Hakuna miujiza mingine. Tofauti ni kwamba kisawe hiki kina maneno mawili badala ya moja, na ndiyo sababu tunakifunga kwa mabano. Nimepekua madaftari ya wenzangu (kwa ruhusa yao) nikaona kosa lilelile kwa watu wengi: wanaandika 20(120 − g) kisha mstari unaofuata wanaandika 2,400 − g. Ile 20 imemsalimia wa kwanza nyumbani ikampita wa pili. Ukiendelea na kosa hilo unapata 2,400 + 49g = 3,600, na g inakuwa ishirini na nne na ushei. Mtu aliyesema kwa maneno kwamba g ni idadi ya wageni atasimama hapo hapo, maana hakuna ushei wa mgeni. Yule aliyeandika herufi tu ataipiga mstari mara mbili chini na kwenda swali linalofuata.

Kosa la pili ni la wajanja. Wanapata w = 120 − g kutoka kwenye mlinganyo wa kwanza, halafu wanairudisha kwenye mlinganyo uo huo wa kwanza. Wanapata 120 = 120. Ni kweli tupu, lakini hujapata kitu. Umezunguka nyumba ukarudi kwenye mlango uliotokea. Lazima kisawe kipelekwe kwa sentensi nyingine, ile ambayo haikukizaa. Nami nikitazama nyuma naona kosa langu la Machi lilikuwa baya kuliko hilo. Nilikuwa na sentensi moja tu, watu 120. Sentensi moja ina majibu chungu nzima: 60 na 60, 70 na 50, 119 na 1. Mimi nikachagua lile lililonipendeza macho, kisha sentensi ya pili ilipokataa kukubaliana nami, nikasema sentensi ndiyo mwizi.

Huenda utasema, "Lakini wewe, hesabu yako haithibitishi kitu. Kama alichukua pesa, hiyo 3,600 yenyewe si ya kweli." Vema sana. Nilikaa na swali hilo usiku kucha. Nikaona hivi. Kama mtu angechota shilingi 100 tu kutoka kwa pesa hizo, zingebaki 3,500. Toa 2,400, zinabaki 1,100, na 1,100 gawa kwa 30 ni thelathini na sita na theluthi mbili. Nani amewahi kuona theluthi mbili ya mzazi akipiga makofi ukumbini? Wizi wa ovyo ungejitangaza wenyewe. Lakini mwizi mwenye akili angechukua 90, au 300, au zile 600 nilizozitangaza mimi, maana zote hugawika kwa 30 bila baki. Kwa hiyo kweli, milinganyo peke yake haikutosha. Ilinipa namba moja tu ya kwenda kutafuta. Arobaini.

Asubuhi nilienda langoni kwa askari nikamwomba daftari la wageni. Askari wetu huandika kila mtu anayeingia, hata kama ni mwenyekiti wa bodi. Tarehe ile kulikuwa na majina 41. Mmoja alikuwa ni yule mtu wa mikate aliyeleta mkate saa tatu akaondoka kabla ya sherehe kuanza, na saa yake ya kutoka imeandikwa. Waliobaki ni 40. Nilihesabu mara tatu, na ya tatu nikahesabu kwa kidole huku mikono ikitetemeka. Na wale "sitini" niliowaona? Kumbe wanafunzi wa Gredi ya 10 walioigiza mchezo wa harusi waliteremka jukwaani na leso na kanzu zao wakaketi katikati ya wazazi. Walikuwa wageni shuleni, nyuso zao hatukuwa tumezizoea, nami nikawahesabu kama shangazi na wajomba.

Sasa turudi kwenye hoja yangu. Chama chetu kina wanachama zaidi ya thelathini. Sote tulisoma milinganyo hii Kidato cha Kwanza. Wengi waliipasi. Mbona hata mmoja wetu hakufikiria kuichukua kalamu? Nadhani ni kwa sababu tuliifunza kama dua ya mtihani. Inasomwa kwa Kiingereza, inaandikwa kwa herufi, inapewa alama tatu, na inaachwa darasani pamoja na vumbi la chaki. Hakuna aliyetuambia kwamba ni sentensi mbili za watu wanaogombana.

Rafiki zangu wa darasani hupenda njia ya kuondoa. Unazidisha juu na chini, unatoa, herufi moja inakufa, umemaliza. Sikatai kwamba ina mahali pake. Ukiniambia kalamu 3 na madaftari 4 ni shilingi 260, na kalamu 7 na madaftari 5 ni shilingi 390, mimi mwenyewe sitabadilisha, kwa maana nitapata kalamu moja ni 260 kasoro madaftari manne yote gawa kwa tatu, na hayo ni maneno yasiyo na ladha. Hapo naondoa bila aibu. (Kalamu ni 20 na daftari ni 50, kama unajaribu.) Muhula huu pia tumefunzwa matrisi, na kuna mmoja wetu ambaye sasa hataki kusikia njia nyingine yoyote. Nikampa hesabu yetu ya tiketi aifanye kwa matrisi. Akafika mahali pa kugawa kwa 30. Nikamuuliza, "Hiyo 30 ni nini?" Akanijibu, "Ni 1 mara 50 toa 1 mara 20." Nikamwambia, "Najua. Lakini ni nini?" Akanyamaza. Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko langu kwa dakika mbili, ila hakuwa na habari kwamba ameshika mkononi shilingi ambazo mgeni anamzidi mwanafunzi.

Tena njia ya kuondoa hugonga ukuta mahali ambapo kubadilisha hupita. Urefu na upana wa kitalu cha mboga ukijumlishwa ni mita 7, na eneo lake ni mita mraba 12. Herufi mbili zimezidishwa zenyewe kwa zenyewe, utaondoa nini? Lakini ukisema upana ni saba kasoro urefu, ukauweka mahali pake, unafika kwenye mraba, na kutoka hapo 3 na 4 hawako mbali.

Na msidhani kusema hesabu kwa maneno ni kazi ya wasiojua. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, ndiye aliyeandika kile kitabu ambacho jina lake lina neno al-jabr, na kutoka hapo dunia nzima ikapata aljebra. Kitabu hicho, cha mwaka 820 hivi, hakina x wala alama ya kujumlisha. Ni maneno mwanzo mwisho. Kile kisichojulikana alikiita shay, yaani kitu. Anapogawa kumi katika sehemu mbili, sehemu moja anaiita kitu, na ya pili anaiita kumi kasoro kitu. Si hiyo ndiyo 120 − g yetu? Na nani kati yetu hajui kusema kasoro, sisi tunaosema saa tano kasorobo kila siku? Herufi za mwisho wa alfabeti, x na wenzake, ziliwekwa kwa visivyojulikana na René Descartes wa Ufaransa katika kitabu cha mwaka 1637. Watu walikuwa wamekwisha kuhesabu kwa muda mrefu mno kabla yake.

Ninachoomba si kwamba hesabu ifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Ndugu zetu wa Tanzania husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi za umma, nao wanajua faida zake na taabu zake. Mtihani wetu ni wa Kiingereza na sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 tutafanya KCSE ya mwisho mwaka 2027, kwa hiyo sina wakati wa kubadilisha mtaala. Ninaomba dakika tano. Mwalimu akiandika swali la milinganyo ubaoni, mtu mmoja asimame aseme kila herufi ni idadi ya nini, na mstari wa kisawe ausome kwa Kiswahili kama sentensi. Kubadilisha kufunzwe kwanza, kuondoa kufuate. Na chama chetu, badala ya kurudia mjadala wa "mtoto wa kike na wa kiume nani bora" kila muhula, kitenge Ijumaa moja kwa hesabu za maneno. Wale wa Gredi ya 10 waalikwe, waje hata na kanzu zao.

Nilimaliza vipi na mweka hazina? Nilimwendea dirishani, kwenye dawati lake la nyuma. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba ndefu, ikaniponyoka yote. Nikampa daftari. Akaisoma hesabu kimya, akafika g = 40, akaniuliza, "Umehakikisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Si mbele yangu. Mbele yao."

Basi Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele ya chama, chaki mkononi. Nikaandika 80 + 40, na wote wakasema 120. Nikaandika 1,600 + 2,000, na wakasema 3,600, wengine kwa sauti ya chini sana. Nikalisoma daftari la askari jina kwa jina. Halafu nikasema ni mimi niliyeuliza lile swali la mia sita, na kwamba sitini niliwatoa kichwani mwangu. Kuna waliocheka. Yeye hakucheka. Alikuja mbele, akachukua kile kijitabu cha vishina juu ya meza, akakitia katika mkebe wake wa jiometri na kurudi kuketi, safari hii safu ya pili.

Tiketi za mwakani zimeshaagizwa. Za wanafunzi ni kijani, za wageni ni njano. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kuziagiza, nami nikaitia sahihi kama katibu msaidizi.